Draivu ya servo kwenye mashine ya kuchonga milango: kuanzia kwenye boksi mpaka kwenye nakshi

Mashine ya CNC ya mbao, yaani inayochonga kwa kuongozwa na kompyuta, iliyofungwa mota za stepa (zinazokwenda hatua kwa hatua) ina ugonjwa mmoja mbaya: ikizidiwa na mninga mgumu hupoteza hatua, na wala haikwambii. Mfaa wa mlango unaendelea kuchongwa, nakshi imeshasogea milimita tatu, na wewe unakuja kugundua ubao umeshaharibika. Mota ya servo haifanyi hivyo. Nyuma ya mota pana enkoda, kifaa kinachosoma ekseli imezunguka kiasi gani, na draivu, yaani boksi la umeme linaloiendesha mota, muda wote inalinganisha pahala ilipoamriwa kuwa na pahala ilipo kweli. Ikishindwa kabisa, inasimama na kupiga alamu.

Mwongozo huu ni kwa fundi wa umeme au mwenye karakana, awe Mwanakwerekwe au Chake Chake, aliyenunua draivu na mota na anataka kuziweka mwenyewe. Nachukua mfano wa Delta ASDA-B2 ya 220 V yenye mota ya 750 W, kwa sababu namba za paramita zake (mipangilio inayoandikwa ndani ya draivu) nazijua na mwongozo wake unapatikana bure kwenye intaneti. Ukiwa na Yaskawa utakuta paramita zinaanza na Pn, Panasonic zinaanza na Pr. Majina yanabadilika, mpangilio wa kazi ni ule ule. Huo mpangilio ndio ninaoutilia mkazo, kwani watu wengi wakishawasha draivu hukimbilia kutyuni, yaani kurekebisha ukali wa draivu, kuona ndiko kwenye utaalamu. Kutyuni ni kazi ya mwisho na ndiyo fupi kuliko zote. Draivu iliyokosewa hesabu ya palsi (mapigo ya umeme yanayoamrisha mwendo) haitengenezeki kwa kutyuni hata ukeshe nayo.

Umeme kwanza, na hapa ndipo draivu nyingi zinapofia

Draivu ya 220 V ina vituo vya R, S, T kwa umeme mkuu, na L1C, L2C kwa umeme wa ubongo wake. Fundi aliyezoea mota za kawaida akiona R, S, T anaona fezi tatu, anachukua waya tatu kutoka kwenye breka ya fezi tatu, anafunga. Umeme wa fezi tatu tunaoupata kutoka ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, una 400 V kati ya fezi na fezi. Draivu hii imetengenezwa kwa mfumo wa nchi zenye fezi tatu za 200 V na kidogo, kama Japani na Taiwan. Ukiigeuza 400 V kuwa umeme mnyoofu unapata kiasi cha 566 V, na kapasita za ndani hazikujengwa kubeba hiyo. Hapana kitakachookolewa.

Kwetu sisi njia ni hii: fezi moja na nyutro, 230 V, vinaingia kwenye R na S, T inabaki tupu. Fezi hiyo hiyo na nyutro hiyo hiyo zinakwenda L1C na L2C. Draivu za B2 mpaka 1.5 kW zinakubali fezi moja. Kubwa kuliko hiyo zinahitaji fezi tatu za kweli za 220 V, yaani unahitaji transfoma ya kushusha, au ununue draivu ya 400 V tangu mwanzo.

Kabla ya draivu weka breka yake peke yake, halafu kontakta ya umeme mkuu inayokatwa na kitufe chekundu cha dharura. L1C na L2C zisipite kwenye kontakta hiyo. Ukibonyeza kitufe, mota inakosa nguvu lakini ubongo unabaki hai, na unaweza kusoma alamu iliyotokea. Kontakta isitumike kuwashia na kuzimia mota wakati wa kazi. Kapasita za ndani hujazwa kwa mkupuo kila umeme unapoingia, na ukizifanyia hivyo kutwa mara mia zinachakaa haraka.

Waya wa ethi wa kila mota urudi kwenye kituo cha ethi cha draivu yake, na draivu zote zikutane kwenye kipande kimoja cha shaba ndani ya kabati, kisha waya mmoja mnene uende kwenye ethi ya jengo. Usiunganishe ethi ya draivu ya X kwenye ya Y na ya Y kwenye ya Z kama mnyororo. Ethi yenyewe ipime. Fimbo iliyopigwa kwenye mchanga mkavu wa pwani huwa ni pambo tu, na kelele za umeme zinazokosa pa kwenda huingia kwenye kebo ya enkoda. Kebo ya enkoda nayo ikae mbali na kebo ya mota, angalau sentimita 30. Pale zinapolazimika kukutana zipishane kama msalaba, zisilale pamoja.

Sasa U, V, W. Kwenye mota ya kawaida ya fezi tatu, ukitaka kugeuza mzunguko unabadilisha waya mbili. Mazoea hayo yaache nje ya mlango. Mota ya servo ina sumaku ndani, na draivu inajua kwa kupitia enkoda sumaku hiyo imeelekea wapi. Ukibadilisha waya mbili, draivu inasukuma upande ambao haukutarajiwa: mota itatetemeka, itaruka, au itakimbia kabla alamu haijaizuia. U iende U, V iende V, W iende W. Mwelekeo unageuzwa kwenye paramita, kama tutakavyoona.

Na jambo la mwisho kabla ya kuwasha: ukizima umeme, subiri dakika kumi na taa ya CHARGE izime kabisa ndipo utie mkono ndani. Mwenzako akikwambia yeye hungoja dakika moja, mwache na bahati yake.

Mota mezani, bila mashine

Usiifunge mota kwenye mashine bado. Iweke mezani, ibane kwa jiriwe au kamba, maana ikianza ghafla inaweza kuruka, na ekseli yake isiwe na kitu chochote. Unganisha umeme, kebo ya mota na kebo ya enkoda. Kiunganishi kikubwa cha CN1, kile cha ingizo na toleo, kiache wazi kwanza.

Washa. Kwenye kioo cha draivu kuna uwezekano mkubwa utaona AL013, na wengi hapa hurudisha draivu dukani. Ni nzima. AL013 ni alamu ya dharura, na inatokea kwa sababu kiwandani ingizo la nane, DI8, limewekwa kuwa kitufe cha dharura cha aina ya kufungwa: waya ukiwa umeunganika ni salama, ukikatika ni hatari. Wewe hujaunganisha kitu, kwa hiyo draivu inaona hatari. Ingizo la sita na la saba ni za mwisho wa njia kwa upande mmoja na wa pili, nazo ni za aina hiyo hiyo, ndipo utakapoona AL014 na AL015.

Kama draivu imetumika kabla, au hujui nani aliichezea, anza kwa kuirudisha kiwandani: nenda P2-08, andika 10, bonyeza SET, zima mpaka kioo kife, washa tena. Mota lazima iwe haijashikwa na draivu wakati huo, vinginevyo inakataa.

Halafu kwa ajili ya majaribio ya mezani tu, weka P2-15 kuwa 122, P2-16 kuwa 123, P2-17 kuwa 121. Hizo ni paramita za ingizo la sita, la saba na la nane. Tarakimu mbili za mwisho ni kazi ya ingizo. Tarakimu ya mwanzo ikiwa 1 maana yake ingizo ni la aina ya wazi, kwa hiyo ukosefu wa waya hauhesabiki kuwa hatari. Zima, washa, alamu ziondoke.

Sasa weka P2-30 kuwa 1. Utasikia mota imeshika; jaribu kuizungusha ekseli kwa mkono, itakataa. Nenda P4-05, bonyeza SET, utaona mwendo kwa mizunguko ya dakika. Anza na 20 au 50. Bonyeza SET tena, kioo kitaandika JOG. Shikilia mshale wa juu, mota inakwenda upande mmoja. Wa chini, upande wa pili. Ikizunguka laini bila kukwaruza na bila alamu, umeshajua mambo matatu kwa mkupuo: umeme ni sawa, U-V-W ni sawa, enkoda ni nzima. MODE inakutoa. Rudisha P2-30 kuwa 0.

Fanya hivi kwa kila mota, hata kama zote ni za aina moja na zimetoka boksi moja. Kebo ya enkoda iliyokatika ndani huonekana hapa kwa dakika mbili. Ukishaifunga kwenye mashine, utaitafuta kutwa nzima.

Hesabu ya palsi

Kontrola ya mashine, iwe ni ile ya kushika mkononi inayokuja na mashine nyingi za Kichina au kompyuta yenye programu ya Mach3, haijui milimita zako. Inachojua ni kutuma palsi: kila palsi moja ni hatua moja, na waya wa pili unasema mbele au nyuma. Kazi yako ni kuhakikisha palsi za kontrola na mizunguko ya mota vinakubaliana.

Kwanza P1-01 iwe 000, yaani draivu ifuate mahali kwa palsi kutoka nje. Ndivyo inavyotoka kiwandani. P1-00 iwe 2, yaani palsi na mwelekeo, nayo ndivyo ilivyo kiwandani. Kama kontrola yako inatuma kwa mtindo mwingine, hapa ndipo pa kubadilisha.

Kisha gia ya kielektroniki, P1-44 na P1-45. Enkoda ya B2 inahesabu 160000 kwa mzunguko mmoja. Palsi zinazohitajika kwa mzunguko mmoja ni 160000 mara P1-45, gawanya kwa P1-44. Kiwandani P1-44 ni 16 na P1-45 ni 10, kwa hiyo mzunguko mmoja unataka palsi 100000.

Tuchukue mhimili wa Z wenye skrubu ya gololi ya milimita 10 kwa mzunguko, mota imefungwa moja kwa moja. Ukiacha namba za kiwandani, milimita moja ni palsi 10000. Ukitaka Z ipande kwa mita 6 kwa dakika, hiyo ni milimita 100 kwa sekunde, ambayo ni palsi milioni moja kwa sekunde. Ingizo la kawaida la draivu linapokea palsi 500000 kwa sekunde kama kontrola inatuma kwa jozi ya waya mbili zinazopishana, na 200000 tu kama inatuma kwa waya mmoja wa aina ya kolekta wazi. Kwa hiyo palsi zitapotea, na safari hii si stepa ya kulaumiwa.

Weka P1-44 kuwa 16 na P1-45 kuwa 1. Mzunguko mmoja sasa ni palsi 10000, milimita moja ni palsi 1000, kila palsi ni sehemu ya elfu ya milimita. Mwendo wa mita 6 kwa dakika unataka palsi 100000 kwa sekunde. Hata kolekta wazi inabeba.

X na Y ndiko kwenye mtego. Mashine nyingi za mbao hutumia reli ya meno na gia ndogo, na baina ya mota na gia kuna giaboksi ya 5 kwa 1. Tuseme gia ndogo ni ya moduli 1.5 (kipimo cha ukubwa wa jino) yenye meno 20. Ikiwa meno yake ni ya kunyooka, mzingo wa gia ni π mara 30, yaani milimita 94.248. Gawanya kwa 5, mzunguko mmoja wa mota ni milimita 18.8496. Kwa palsi 10000 kwa mzunguko, kontrola iandikiwe 530.52 kwa kila milimita.

Lakini reli nyingi zinazouzwa kwa mashine hizi zina meno ya mshazari. Mshazari wake umechaguliwa makusudi, digrii 19 na dakika 31 hivi, ili meno 20 ya moduli 1.5 yatoe milimita 100 kamili. Hapo mzunguko mmoja wa mota ni milimita 20 kamili, na kontrola iandikiwe 500. Moduli ni ile ile, meno ni yale yale, na tofauti ni asilimia sita. Angalia meno kwa jicho kabla hujashika kalamu.

Ukishaweka, amrisha mhimili uende milimita 1000 na upime kwa rula ya chuma, usitumie tepu iliyochakaa. Ukikuta imekwenda 942, uliihesabu reli kama ya mshazari kumbe ni ya kunyooka. Ukikuta 1061, ni kinyume chake. Ukikuta nusu au mara mbili, tazama giaboksi au namba ya P1-44. Ukikuta 998 au 1003, hapo sasa ndipo urekebishe kwa sehemu ndogo kwenye kontrola. Kwenye draivu usiguse kitu.

Wenye Mach3 inayotumia bandari ya zamani ya printa wajue jambo moja. Kwa kawaida inatuma palsi 25000 tu kwa sekunde. Kwa palsi 500 kwa milimita, X haitazidi milimita 50 kwa sekunde, mita 3 kwa dakika, na mlango mmoja utakula siku. Weka P1-44 kuwa 80 na P1-45 kuwa 1, mzunguko mmoja uwe palsi 2000. Kwenye reli ya mshazari hiyo ni palsi 100 kwa milimita, na mwendo unaruhusiwa kufika mita 15 kwa dakika. Utapoteza udogo wa hatua: kila palsi sasa ni sehemu ya mia ya milimita. Kwa mbao haidhuru kitu. Ubao wa mfenesi ukikaa karakana wakati wa masika unavimba zaidi ya hapo wenyewe.

Kurudisha ulinzi, na breki ya Z

Sasa funga mota kwenye mashine, lakini kabla ya kiunganishi cha mwendo kukazwa, rudisha P2-17 kuwa 21 na uunganishe kitufe cha dharura kwenye DI8. Kama swichi za mwisho wa njia umeziunganisha kwenye draivu, P2-15 na P2-16 nazo zirudi 22 na 23. Kama umezipeleka kwenye kontrola, ziache zilivyo, ila uhakikishe kontrola kweli inazisoma: zibonyeze kwa kidole moja moja huku unatazama kioo. Ingizo la dharura lisibaki 121 kwa sababu yoyote ile. Waya ukiliwa na panya, mashine isimame. Ndiyo faida ya aina ya kufungwa.

Mota ya Z inunuliwe yenye breki. Kichwa cha mashine chenye spindo (mota inayozungusha kisu) ni kizito, na Tukuza, umeme wa kulipia kabla, ikiisha katikati ya kazi, Z isiyo na breki inateremka na kuchimba mlango wa watu. Breki hii inafunguka kwa 24 V, na ikikosa umeme inabana. Draivu haiwezi kuibeba moja kwa moja. Chagua toleo moja la draivu, lipe kazi namba 8 ambayo ni ya breki, toleo hilo liendeshe rilei, na rilei ipeleke 24 V kutoka kwenye chanzo chake peke yake. Weka dayodi kinyume kwenye koili ya breki, la sivyo cheche yake itasumbua draivu zote. P1-42 na P1-43 ndizo nyakati za kufungua na kubana. Jaribu ukiwa umeweka kipande cha gogo chini ya kichwa: ukiiachia draivu mota, Z isishuke hata upana wa kucha. Ikishuka, breki inachelewa kubana, rekebisha P1-43. Breki ni ya kushikilia kilichosimama tu. Kusimamisha mwendo ni kazi ya draivu.

Mwelekeo: ukiona X inakwenda kushoto ilipoamriwa kulia, nenda P1-01 na uweke 100 badala ya 000, zima, washa. Waya usiguse. Unaweza pia kugeuza kwenye kontrola, ila chagua pahala pamoja na ushikilie hapo hapo, vinginevyo miezi sita baadaye hutajua nani kageuza nini.

Kutyuni

Mpaka hapa mashine inatembea kwa namba za kiwandani, pengine kwa ulegevu kidogo. Ukali wa draivu, yaani jinsi inavyosahihisha kosa kwa nguvu, unaongozwa na paramita tatu: P2-04 ni ukali wa mwendo, P2-00 ni ukali wa mahali, P2-06 ni ule unaoziba tofauti ndogo zilizobaki. Kiwandani zinakuja 500, 35 na 100.

Anza kwa kuiacha draivu ijue uzito inaoubeba. Weka P2-32 kuwa 2, andika programu fupi kwenye kontrola inayoupeleka mhimili mbele na nyuma, milimita 300 hivi, kwa mwendo wa wastani, na uiache dakika kadhaa. Draivu inakisia mara ngapi uzito unaozungushwa unazidi uzito wa ekseli ya mota, na kuandika kwenye P1-37. Ukirudisha P2-32 kuwa 0, namba ilizozipata zinabaki kama kianzio. Kama uwiano huo umetoka mkubwa sana, makumi kwa makumi, tatizo halipo kwenye paramita: mota ni ndogo, au giaboksi haipo pale inapohitajika.

Kuanzia hapo fanya kwa mkono. Pandisha P2-04 kidogo kidogo huku mhimili unatembea na mkono wako upo juu ya mwili wa mashine, si karibu na reli. Itafika pahala mashine itaanza kuvuma, mlio mwembamba hata ikiwa imesimama. Shusha kama robo ya thamani hiyo na uishie hapo. Kisha pandisha P2-00, lakini isizidi robo ya P2-04: ukali wa mahali ukiukaribia ukali wa mwendo, mashine inapita alama na kurudi, inapita na kurudi, kama mlevi anayetafuta kufuli. P2-06 iguse mwisho, na kidogo. Mlio ukibaki palepale hata ukishusha, na unausikia kwenye mwendo fulani tu, huenda ni mtikisiko wa fremu yenyewe. P2-23 na P2-24 ni kichujio cha kuukata mlio wa masafa maalumu. Ila kaza boliti za fremu kwanza. Mara nyingi mlio unaondoka hapo.

Hili sasa ndilo linaloharibu milango bila kupiga alamu. Servo inayofuata palsi daima ipo nyuma kidogo ya amri, na kiasi cha kubaki nyuma kinategemea P2-00. Kwa milimita 100 kwa sekunde na P2-00 ya 35, mhimili unabaki nyuma karibu milimita 2.9, ingawa paramita ya P2-02, ambayo kiwandani ni asilimia 50, inapunguza hiyo kwa nusu. Mstari mnyoofu hauoni tatizo. Lakini ukiweka P2-00 ya X kuwa 100 na ya Y kuwa 60, mihimili miwili inabaki nyuma kwa viwango tofauti, na duara linatoka yai lililolala mshazari. Chonga nusu duara ya juu ya mlango wa mtindo wa Kihindi na utaiona kwa macho. Kwa hiyo X na Y ziwe na P2-00 sawa na P2-02 sawa, hata kama mmoja ungeweza kupanda zaidi. Yule dhaifu ndiye anayeamua. Kama Y yako ina mota mbili, moja kila upande, sharti hilo ni kali zaidi, kwani zikitofautiana zinavutana na daraja, ile boriti inayobeba kichwa, linapinda.

Kupima, chonga duara la milimita 200 kwenye ubao laini kwa mwendo wa kazi, halafu pima kipenyo kwa pande nne, pamoja na mishazari yote miwili. Yakitofautiana kwa upande wa X na Y peke yake, rudi kwenye hesabu ya palsi. Yakitofautiana kwenye mishazari, ni ukali, au mihimili haijakaa pembe mraba. Duara likiwa na kishimo pale mhimili unapogeuza mwelekeo, ni uchezaji wa giaboksi, na hapo hakuna paramita ya kukusaidia.

Alamu utakazokutana nazo

AL003 ni umeme pungufu, na kwetu hii ndiyo rafiki wa kudumu. Unguja inapata umeme kwa kebo ya chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba, iliyozinduliwa 2013, na Pemba kwa kebo kutoka Tanga, tangu 2010. Umeme ukiyumba kwa nusu sekunde, taa inafifia kidogo na draivu inasimama. Haina ubaya, inajilinda. Ikitokea kila spindo linapoanza, kosa ni lako: waya mwembamba au breka moja inayobeba vyote.

AL002 ni umeme kupita kiasi ndani ya draivu, na huja zaidi mhimili unaposimama ghafla, mota inapogeuka kuwa jenereta. Punguza ukali wa kusimama kwenye kontrola kwanza. Ikiendelea, weka rizista ya nje kati ya P na C, ondoa kiungo cha P na D, na uandike thamani yake kwenye P1-52 na P1-53. AL005 ni ndugu yake. AL006 ni kuzidiwa mzigo: tazama kisu butu kabla hujatazama draivu. AL009 inasema mota imeachwa nyuma mno na amri: imekwama, imezidiwa, au kontrola inaharakisha kupita uwezo. AL011 ni enkoda, na mara tisa katika kumi ni kiunganishi. AL001 ni mkondo kupita kiasi; zima, tenganisha U, V, W, na upime mota kama ina mguso na mwili wake kabla ya kuwasha tena.

Viunganishi vya enkoda karibu na pwani huota kutu ya kijani kwa sababu ya chumvi. Vifunge vizuri, kabati liwe na mpira mlangoni na feni yenye chujio, na kama karakana inafungwa wakati wa masika, acha ubongo wa draivu umewashwa kupitia L1C na L2C. Joto lake dogo linazuia umande ndani. Vumbi la mninga likichanganyika na unyevu linakuwa tope linalopitisha umeme.

Mwisho, hifadhi. Programu ya ASDA-Soft kwenye kompyuta ya Windows inasoma paramita zote kupitia tundu la CN3 na kuziweka kwenye faili. Fanya hivyo kwa kila draivu, na faili moja upeleke kwenye simu. Na kwa kuwa kompyuta ya karakana hufa kabla ya mashine, andika kwa mkono kwenye karatasi, uitie plastiki na kuibandika ndani ya mlango wa kabati: P1-00, P1-01, P1-37, P1-42 mpaka P1-45, P2-00, P2-02, P2-04, P2-06, P2-15 mpaka P2-17, P2-23 na P2-24 kama umezigusa, pamoja na palsi kwa milimita zilizo kwenye kontrola na tarehe uliyoandika.